Wanaotaka kutafiti kifafa waanze na futi kamba

Ndugu Mhariri,

Hapa Moshi hawakosekani vijana wa udaktari na uuguzi wanaotamani kuwa watafiti wa kifafa, na wengi hukimbilia programu za kompyuta za kuchambua mawimbi ya ubongo yanayochorwa na kipimo cha EEG. Waanze na futi kamba. Asiyejua kuweka kichwani elektrodi, yaani visahani vya chuma vinavyonasa umeme wa ubongo, atamaliza ujana wake akichambua jasho na misuli ya taya.

Umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi ni kama mikrovolti 10 hadi 100 tu. Ule wa moyo huuzidi mara kumi na zaidi, na nyaya za ukutani nazo zinavuma mizunguko 50 kwa sekunde. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, lakini hakuchapisha hadi 1929. Muda mwingi hapo katikati ulikwenda katika kuhakikisha kwamba alichokiona si mapigo ya moyo wala misuli. Kazi ni hiyohiyo mpaka leo.

Utaratibu tunaoufuata wa kupanga elektrodi ulitolewa mwaka 1958 na Herbert Jasper wa Montreal. Pima kutoka kibonyeo kilicho juu ya pua, katikati ya macho, upite utosini hadi kwenye kinundu cha kisogo. Ukipata sentimita 36, alama ya kwanza iwe sentimita 3.6 kutoka kwenye kibonyeo, nne zinazofuata ziachane kwa 7.2, na mwisho zitabaki 3.6. Kisha sikio hadi sikio, halafu mzunguko wa kichwa. Anayekadiria kwa macho hubananisha elektrodi upande mmoja. Mawimbi ya upande huo yanatoka mafupi, naye anaandika kwamba ubongo una hitilafu.

Kinachosumbua zaidi huku kwetu ni nywele. Mgonjwa afumue rasta au wiving, aoshe kichwa kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, na asipake mafuta kabisa. Mpimaji atenge nywele, asugue ngozi kwa jeli yenye chengachenga bila kuchubua, ndipo aweke pasta na kubandika. Ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi uwe chini ya kilo-omu 5. Elektrodi moja ikiwa na 20 na jirani yake 3, mvumo wa umeme wa ukutani utajaa kwenye mchoro, na kuufuta kwa kichujio ni kujidanganya, maana tatizo liko palepale kichwani.

Elektrodi iliyoinuliwa na msuko hutoa ncha kali inayoweza kudhaniwa ni ya kifafa. Kwa kawaida ncha ya kweli huonekana pia, kwa udogo, kwenye elektrodi za jirani. Ya elektrodi iliyolegea hukaa peke yake. Asiyelijua hilo humwanzishia mtoto fenobabitoni, dawa ya kifafa, ya miaka kadhaa bure.

Kuhema kwa nguvu kwa dakika 3 husaidia sana kwa mtoto anayeduwaa ghafla darasani: mara nyingi ndipo yanapojitokeza yale mawimbi ya ncha, matatu kwa sekunde, yaliyoelezwa Boston mwaka 1935. Ila mwenye selimundu asihemeshwe kamwe. Anaweza kupata kiharusi mezani. Swali hilo liulizwe kabla ya futi kamba kuguswa.

Kwa ndugu wa wagonjwa: msimwachishe dawa ili “kipimo kione vizuri”. Kukatiza dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Njooni na dawa zote, ziandikwe kwenye fomu, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha mawimbi. Aje pia mtu aliyemwona mgonjwa akianguka. Mchoro mmoja usio na kasoro haufuti kifafa. Karibu nusu ya wenye kifafa huwa hivyo mara ya kwanza, na maelezo ya shuhuda yana uzito kuliko karatasi yetu.

Hospitali zinazoagiza mashine ziweke katika bajeti ileile pasta, elektrodi za akiba na mshahara wa mpimaji. Elektrodi ikikwanguka rangi yake ya fedha, mchoro unaanza kuyumba taratibu, na msomaji asiyekuwepo chumbani atadhani mgonjwa alikuwa anatoka jasho.

Mpimaji wa EEG,
Moshi