Ardhi ya visima vya Mtwara ilindwe kabla mji haujaifikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo mijadala ya maji mjini Mtwara hulipita haraka mno, nalo ni ulinzi wa ardhi inayojaza visima vyetu. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Mtwara Mikindani na watu wapatao 108,000, na ya 2022 ikahesabu zaidi ya 146,000. Kasi hiyo ikiendelea, idadi ya 2022 itakuwa imeongezeka maradufu katikati ya miaka ya 2040, hata kabla hatujaongeza mahitaji ya bandari na viwanda.

Kila suala hili linapozuka, jibu huwa ni Mto Ruvuma. Sipingi kuyaleta maji ya Ruvuma mjini, na naamini siku moja tutayahitaji. Hata hivyo, huo ni mto wa mpakani tunaoutumia pamoja na Msumbiji, maji yake hubeba matope mengi wakati wa mvua, na kuyasukuma hadi huku kutadai gharama ya umeme kila siku. Wakati tunasubiri, tunakunywa maji ya ardhini, hasa ya visima vya Mtawanya, ambayo hutegemea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei.

Mvua hiyo ikidondokea mabati, lami na sakafu za saruji, hukimbilia mitaroni badala ya kuzama ardhini, ilhali vyoo vya shimo vikisogezwa karibu na visima, uchafu hufuata njia ileile ya maji. Sharti la kutofanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60, lililomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, liliwekwa kwa ajili ya kingo za mito, mabwawa, maziwa na fukwe. Eneo linalolisha kisima kirefu ni pana zaidi ya hapo na halionekani kwa macho.

Ipo pia chumvi. Katika miamba ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, na kanuni ya wataalamu husema kwamba usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, maji ya chumvi yanaweza kupanda takriban mita 40. Kisima kikishaingia chumvi, huchukua miaka mingi kurudi, kama kitarudi. Kwa hiyo kila mwenye hoteli au nyumba anayechimba kisima chake kirefu anachota katika hazina ya wote, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi yake hapa hapa Mtwara, si urasimu wa bure.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu vyanzo kutangazwa kuwa maeneo ya hifadhi. Naiomba Bodi ya Bonde, pamoja na mamlaka ya maji na Manispaa, ichore mpaka wa eneo la Mtawanya kwenye ramani ya mipango miji kabla viwanja havijapimwa huko, kwa kuwa kulipa fidia ya nyumba zilizokwisha kujengwa ni gharama ambayo halmashauri chache huimudu. Vilevile vipimo vya kina na chumvi ya visima vibandikwe kila mwaka katika ofisi za kata, ili madiwani wanapojadili bajeti wawe na takwimu mezani.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara