Risala ya Klabu ya Kusoma Majarida ya Tiba kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuwaaga Madaktari Watarajali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, madaktari bingwa mnaotulea, wauguzi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Shikamooni wakubwa zetu.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi alasiri hii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi wenyeji wako tuna pa kuponywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaktari kukutana na kusoma majarida pamoja ni jambo la zamani. Daktari William Osler aliianzisha klabu ya namna hii Montreal, Kanada, mwaka 1875. Ya kwetu ilianza mwaka 2019 na watarajali wanne chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara. Leo tuna wanachama 23, na tunakutana kila Alhamisi saa 9 alasiri.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumesoma na kuchambua makala 41. Tumenunua ubao mweupe kwa michango yetu wenyewe. Daftari la mahudhurio halijaruka wiki hata moja, masika na kiangazi. Wenzetu wawili wamewasilisha uchambuzi wao kwenye kikao cha asubuhi cha hospitali, na mabingwa wakawapigia makofi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukueleze Alhamisi moja tu. Tulikuwa tunajadili utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa hapa Tanzania, kule Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliomiminiwa dripu kwa kasi walipofika hospitali walikufa kwa wingi zaidi ndani ya saa 48: kati ya 10 na 11 katika kila 100, wakati kwa wasiomiminiwa ilikuwa kama 7. Matokeo hayo yaliwashtua wengi, kwa sababu dripu ya kasi ndiyo tuliyofundishwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameona picha ya hitimisho tu, ile inayozunguka WhatsApp. Akasema basi watoto wa namna hiyo tusiwape maji. Mwingine akamuuliza: na yule wa kitanda cha dirishani anayehara, macho yameingia ndani? Ikabidi tuifungue makala yenyewe. Watu sita tuliinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka, tukisogeza jedwali kwa kidole, huku na huku. Bando likakata. Mwenye simu akatoka hadi kibaraza cha wodi ya wazazi, ambako mtandao unashika, akanunua bando lingine kwa hela yake ya chakula cha jioni. Ndipo tukaona: watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti ule. Mtoto wa dirishani alihitaji maji, na aliyapata.

Hilo ndilo ombi letu kuu, Mheshimiwa. Tunaomba intaneti katika chumba cha kusomea.

Tunajua ombi hili si geni masikioni mwa meza kuu. Lilisomwa katika hafla kama hii mwaka juzi, na mgeni rasmi wa siku hiyo, tunayemheshimu sana, alisimama akaahidi kwamba ndani ya miezi mitatu litakuwa historia. Tulipiga vigelegele. Kweli mafundi walikuja, wakapitisha waya na kufunga kisanduku ukutani. Tunawashukuru. Kisanduku kipo hadi leo, tunakifuta vumbi kila Alhamisi, lakini taa yake haijawahi kuwaka. Mwaka jana tulisoma ombi lile lile, tukajibiwa kwamba limepokelewa. Barua za kukumbushia tumeandika tatu, na nakala zake ziko ndani ya bahasha tutakayokukabidhi.

Makala nyingi tunazozihitaji hufungwa hadi ulipe. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa Hinari, ulioanza mwaka 2002, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida. Lakini inayosajiliwa ni taasisi, si daktari mmoja mmoja. Kwa hiyo tunaomba pia uongozi ukamilishe usajili huo, ili nywila ikija ikute laini inafanya kazi.

Ombi dogo la mwisho ni saa moja. Alhamisi saa 9 hadi saa 10, daktari tarajali asiitwe wodini ila kwa dharura, na bingwa mmoja kwa zamu aketi nasi. Bila mlezi, tunaweza kubishana nusu saa juu ya namba ambayo yeye angeieleza kwa dakika mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utakapojibu risala hii ututajie tarehe na jina la ofisi itakayolishughulikia suala la laini. Katibu wetu ameketi mstari wa mbele, kalamu mkononi. Chumba kiko hatua chache kutoka hapa na ufunguo tunao. Tukitoka ukumbini tungependa ukakione kile kisanduku kwa macho yako.

Tunaomba kuwasilisha.