Peugeot la marehemu baba

Malindi, Jumapili jioni

Kwako Athumani,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila goti la Bi Mkubwa ni lile lile. Niwie radhi kwa kimya cha tangu Idi. Leo nina shida, na fundi ninayemwamini ni wewe.

Ni lile Peugeot 504 la marehemu. Miaka tisa limekaa bandani chini ya makuti, na upepo wetu wa chumvi unaujua. Majuzi nilitia betri mpya, nikapiga ufunguo: tak! Kimya. Nikadhani stata. Nikaifungua, meno yake mazima. Nikatoa mkanda wa feni, pengine ni pampu ya maji iliyoshika. Wapi! Gia iko huru, nikatia soketi kwenye puli ya krenki na bomba la futi nne juu yake, injini haisogei.

Kutoa plagi, kumbe ya silinda ya tatu haipo! Kuna mtu aliitoa akaziba tundu kwa kitambaa. Nikamulika tochi: kutu tupu. Athumani, nilikaa chini. Unamkumbuka baba akilipapasa boneti na kutuhesabia Safari Rally walizoshinda ndugu za gari hili, 504 nyingine, 1975 na 1978?

Fundi wa mtaani anataka tulivute kwa pikapu, tutie gia, tuachie klachi. Nimekataa kabisa. Ringi za pistoni zimegandana na slivu, kuta za silinda, kwa kutu. Ukizishtua zitavunjika, au konrodi, fimbo ya pistoni, ipinde. Nimemimina dizeli na oili ya giabox otomatiki kwenye matundu yote manne. Leo siku ya tano, naongeza asubuhi na jioni, nasukuma bomba mbele kidogo, nyuma kidogo. Jana alfajiri nilihisi kama limelegea, au ni hamu yangu tu, sijui.

Na kaka Salim ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Mambo ya shamba nitakueleza siku nyingine.

Sasa niambie: nisubiri siku ngapi zaidi? Nikilazimika kufungua silinda hedi, slivu nizibane na nini zisiinuke nikizungusha krenki? Slivu moja ya tatu peke yake yapatikana huko Mombasa, au wanauza seti nzima? Ikikubali kuzunguka, oili namwaga kwanza kabla ya kuwasha, si ndiyo, maana dizeli itakuwa imeshukia chini? Ile petroli ya zamani tangini je, maana inanuka kama vanishi? Na wewe mwenyewe, Ijumaa huwezi kupanda matatu ukaja? Kitanda kipo.

Nduguyo,
Bakari