Uzuiaji wa ubongo ukionekana haupo, kagua mkono kwanza

Katika kipimo hiki, koili iliyowekwa kichwani huuchochea ubongo kwa mapigo ya sumaku, nasi tunapima mwitikio wa msuli wa mkono. Pigo dogo likitangulia lile la kupimia (mapigo pacha), ubongo huuzuia mwitikio nao hupungua; huo ndio uzuiaji. Rekodi nyingi tunazoletewa zina lalamiko moja: mapigo pacha ya sumaku yametoa mwitikio uleule wa pigo moja. Kabla hujaandika kwamba uzuiaji wa gamba la mwendo (sehemu ya ubongo inayoendesha misuli) umepungua, angalia umeme wa misuli katika milisekunde 100 kabla ya pigo. Mkono ukikazwa hata kidogo, uzuiaji hushuka, na ubongo husingiziwa.

Tunarekodi kwenye msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada: elektrodi moja juu ya tumbo la msuli, nyingine kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Koili ya umbo la nane hulazwa kichwani, mpini ukielekea nyuma na pembeni kwa nyuzi 45 kutoka mstari wa katikati. Penye mwitikio mkubwa panatiwa alama. Kisha tunatafuta kizingiti, yaani nguvu ndogo kabisa inayotoa maikrovolti 50 au zaidi katika mapigo 5 kati ya 10, mkono ukiwa umelegea.

Pigo la kupimia hupangwa litoe takriban milivolti 1. La kutangulia hupewa asilimia 70 hadi 80 ya kizingiti. Msuli hauchezi, ila seli zuizi huamka. Kati ya mapigo hayo mawili ni milisekunde 2 au 3, kama walivyoeleza mtafiti Kujirai na wenzake mwaka 1993. Ukisogeza hadi 10 au 15, unapima uwezeshaji, yaani kuongezeka kwa mwitikio, kitu kingine kabisa. Changanya mapigo pacha na ya peke yake bila mpangilio, angalau 10 ya kila aina, kila moja baada ya sekunde 5 au zaidi. Wastani wa pacha ugawe kwa wastani wa pigo moja: 0.4 maana yake mwitikio umepungua kwa asilimia 60.

Mkono umelegea na bado jibu ni 1? Punguza pigo la kutangulia. Likikaribia kizingiti huanza kuamsha uwezeshaji, nao hufunika uzuiaji. Mwitikio ukififia kwa aina zote mbili, koili imehama. Uliza dawa pia: za jamii ya diazepamu huongeza uzuiaji.

Mwenye chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni au historia ya kifafa tusimpime kabla daktari wake hajaamua. Wengine wote huvaa vizibo vya masikio. Koili hupiga kelele kali.

Ukituma rekodi, tuma ghafi, si wastani peke yake.