Sura waliyoikataa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani sote wazima, bibi anakusalimu sana. Maneno uliyoambiwa kwenye usaili wa uigizaji, kwamba sura yako si ya kamera, yameniuma mno. Tangu unieleze namfikiria Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza.

Wewe unamjua kama M, yule mama mkali aliyekuwa akimtuma kazi jasusi James Bond kwenye filamu. Basi alipokuwa kijana mtu wa filamu alimwambia hayo hayo: sura yake haifai. Hata jukwaani alianza kwa machungu. Mwaka 1957, akiwa na miaka 22, kampuni ya maigizo ya Old Vic, London, ilimpa nafasi ya Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Wahakiki wakamchambua bila huruma, na kampuni ilipokwenda Marekani, Ophelia akapewa mwingine. Binti mdogo vile! Natumaini alikuwa na mtu wa kumlilia.

Hakuliacha jukwaa. Alicheza Juliet katika Romeo and Juliet. Mwaka 1963 akaja na kikundi cha Nottingham hadi Nigeria, Ghana na Sierra Leone, akiigiza Shakespeare mbele ya watu wa huko. Mwaka 1976 akawa Lady Macbeth katika tamthilia ya Macbeth, mwigizaji Ian McKellen akiwa Macbeth mumewe, na mpaka leo wapenzi wa tamthilia Uingereza wanausimulia uigizaji ule. Miaka yote hiyo kazi yake kubwa ilikuwa jukwaani, si kwenye filamu.

Halafu mwaka 1997, akiwa na miaka 62, akaigiza Malkia Victoria katika Mrs Brown, na kwa mara ya kwanza jina lake likatajwa kuwania Oscar, tuzo kubwa ya filamu. Katika filamu ya mwaka uliofuata, Shakespeare in Love, akawa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Humo anaonekana kwa dakika nane hivi tu, na Oscar akaichukua! Itazame tena, umwangalie usoni. Haharakishi neno, na macho yake yanasema kabla mdomo haujafunguka. Hiyo ni kazi ya miaka arobaini jukwaani, mwanangu.

Baadaye macho yenyewe yakaanza kufifia kwa maradhi ya uzeeni, akashindwa kusoma maandishi. Watu wake wakawa wanamsomea, naye akishika maneno kwa kusikia. Kwa namna hiyo aliigiza The Winter's Tale mwaka 2015 na kushinda tuzo ya Olivier, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya London, ya nane kwake.

Usaili wa mwezi ujao nenda. Nitumie maneno ya mchezo huo; Jumamosi jioni nitakupigia, mimi nisome ya wenzako, wewe unijibu yako.

Mama yako akupendaye