Anayeanza metali ya progresivu aanze na sauti safi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeuliza aanzie wapi kusikiliza metali ya progresivu, yaani ule muziki mzito wa magitaa wenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilika-badilika. Majibu niliyoyasoma yalimpeleka moja kwa moja kwa bendi ya Meshuggah, tena kwenye albamu yao Catch Thirtythree ya mwaka 2005, ambayo ni kipande kimoja cha dakika 47 kilichogawanywa sehemu 13. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini sikio ambalo halijazoea litaambulia kelele tu, na msomaji huyu tutampoteza kabla hajafika penye utamu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kilichonivuta kwenye muziki huu ni sauti za waimbaji kabla ya magitaa. Kwa hiyo namshauri aanze na albamu inayoimbwa kwa sauti safi, yaani isiyo ya kunguruma, halafu asogee kidogo kidogo kuelekea kwenye uzito.

Ya kwanza iwe Images and Words ya Dream Theater, 1992. Bendi ni ya Marekani, ila mwimbaji wake, James LaBrie, ni Mkanada, na sauti yake hupanda juu sana huku maneno yakisikika. Wala asianze na wimbo wa kwanza. Aende karibu na mwisho, kwenye “Wait for Sleep”, wimbo wa dakika mbili na nusu hivi, kinanda cha Kevin Moore na sauti ya LaBrie basi. Aurudie mpaka aweze kuuvumisha akiwa amefumba mdomo. Kisha auache unaofuata uingie, “Learning to Live”, wenye dakika zaidi ya 11. Humo ndani, baada ya magitaa na dramu kukimbizana kwa muda mrefu, ile tuni ya kinanda inarudi. Atakapoitambua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ataelewa kwa nini nyimbo hizi ni ndefu. Wazo linatambulishwa, linapotea, linarudi likiwa limebadilika sura, na hayo yote yanahitaji muda.

Albamu hiyo hiyo ina wimbo uitwao “Metropolis”, sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ilikuja mwaka 1999 ikiwa albamu nzima, Scenes from a Memory, kisa cha mtu anayepelekwa na usingizi wa tiba (hipnosisi) hadi kwenye maisha ya msichana aliyeuawa mwaka 1928. Wengi huitaja hii kuwa bora kuliko zote, nami sibishi. Ila aisikilize baada ya ile ya 1992, maana tuni kadhaa za kale zimerudishwa humo, na asiyezijua zitampita.

Sasa Opeth, bendi ya Sweden. Hapa wageni wengi hukimbia kwa sababu ya sauti ya kunguruma. Dawa ipo, inaitwa Damnation, ya 2003. Mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, haungurumi humo hata mara moja. Anaimba taratibu, kwa huzuni, juu ya magitaa laini. Msikilizaji akishaizoea sauti hiyo, aende nyuma hadi Blackwater Park ya 2001, asikilize “The Drapery Falls”. Ni mtu yule yule, lakini sasa ananguruma na kuimba ndani ya wimbo mmoja. Nasema kwa moyo wote kama mtu anayefundisha uimbaji: ule mngurumo si kukosa sauti. Umewekwa mahali pake kwa makusudi, na sauti safi inapoingia baada yake inasikika safi maradufu.

Bendi ya Tool nayo isisahaulike. Katika wimbo uliobeba jina la albamu yao ya 2001, Lateralus, silabi za mwanzo zinakwenda 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha zinashuka 5, 3, kwa kufuata namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Sisi tuliolelewa na mashairi ya mizani tunapaswa kuwa wa kwanza kulifurahia jambo hili. Kwenye kiitikio mapigo yanabadilika kutoka 9 kwenda 8 kwenda 7, naye mpiga dramu wao, Danny Carey, anayapiga kwenye dramu kana kwamba hakuna hesabu yoyote. Ahesabu kwa vidole.

Asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, albamu nzima kwa mpangilio wake, na kila anaporudia afuate ala moja tu. Besi ndiyo inayosahaulika zaidi. Aanze na hiyo.

Leviathan, albamu ya bendi ya Mastodon, 2004, iliyotungwa kutokana na riwaya ya Moby-Dick, naipenda mno, lakini sauti zake ni kali. Aiweke baada ya Blackwater Park.

Wako,
Mwalimu wa kwaya