Tulipu za darasa la nne na pingili za muhogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo nililolishuhudia katika shule anayosoma binti yangu hapa Minneapolis, Marekani, ambalo limenifanya niitazame upya kazi niliyoifanya kwa miaka tisa nikiwa mwalimu wa Baiolojia mkoani Morogoro.

Oktoba iliyopita binti yangu, aliyeko darasa la nne, alirudi na barua ya kumtaka apeleke sepetu shuleni. Kwa sisi tuliosoma nyumbani, mwanafunzi anayeambiwa aje na jembe ama amechelewa namba ama amepiga kelele darasani, kwa hiyo nilimuuliza amekosa nini. Kumbe walikuwa wanapanda maua yaitwayo tulipu, kwa kufuata utaratibu wa Journey North, mpango ulioanza mwaka 1994, ambao shule zinazoshiriki hupanda matunguu ya tulipu, yanayofanana na vitunguu, ya aina moja iitwayo Red Emperor, kabla ya baridi kali kuingia, kisha kila shule huripoti siku jani la kwanza lilipotoboa udongo na siku ua lilipochanua. Aina hiyo huzalishwa kwa matunguu machanga yanayochipua ndani ya tunguu mama, si kwa mbegu, hivyo mimea yote ni nakala ya mmoja, na shule mbili zikipishana tarehe, sababu itafutwe katika udongo, jua na baridi ya mahali.

Siku ya kupanda, mwalimu alipasua tunguu moja kwa kisu, kutoka juu hadi chini, akaliweka kwenye sahani. Wazazi tuliokwenda kusaidia tuliinama pamoja na watoto. Magamba manene meupe, ambayo kwa kweli ni majani yaliyohifadhi chakula, yalishikwa chini na shina fupi lililobanana kama kisahani, na katikati kabisa lilikuwamo ua zima, dogo, la rangi ya maziwa, ambalo stameni zake 6, yaani viungo vyake vya kiume, mtoto aliweza kuzihesabu kwa ncha ya kijiti. Ua la Mei lilikuwa tayari Oktoba! Kilichosalia ni baridi, kwa kuwa tulipu, ambazo asili yake ni milima ya Asia ya Kati, huhitaji kiasi cha wiki 12 hadi 16 za ubaridi, na zikiukosa shina hudumaa na ua huweza kufia ndani.

Nami somo hilo nililifundisha kwa chaki. Nilichora kitunguu ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakakariri majina ya sehemu zake, ilhali gunia la vitunguu lilikuwa stoo ya jiko la shule, hatua chache kutoka darasani. Siwezi kusingizia ukosefu wa vifaa.

Watoto hawa waliongeza jaribio lao wenyewe, nje ya bustani rasmi: safu moja waliipanda kando ya ukuta wa jengo, ambako joto la ndani hupenya. Safu hiyo ilichomoza karibu wiki mbili kabla ya nyingine, na ubishi uliozuka darasani kuhusu sababu yake, kwa maelezo ya binti yangu, ulimaliza kipindi kizima. Nyumbani tulikata ua moja tukalitia kwenye friji, likafumba. Tulipolirudisha mezani likafumbuka taratibu, kwa sababu petali za tulipu hukua upesi zaidi upande wa ndani panapokuwa na joto, na upande wa nje panapokuwa na baridi.

Sipendekezi tulipu zipelekwe Morogoro, maana baridi hiyo hatuna. Ninachopendekeza ni pingili za muhogo. Zikikatwa kutoka mche mmoja zitakuwa nakala halisi za mche huo, kama zilivyo Red Emperor, na shule ya Lushoto, ya Dodoma na ya Tanga zikikubaliana urefu wa pingili, kina cha shimo na wiki ya kupanda, kila darasa litaandika siku jani la kwanza lilipofunguka, na tarehe hizo zitalinganishwa na daftari la mvua na joto. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito: pingili zinazosafirishwa ovyo husambaza batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya muhogo yaletwayo na virusi. Virusi si wageni hata kwa tulipu, kwani michirizi ya rangi katika maua yake iliyowapumbaza wanunuzi wa Uholanzi katika karne ya 17 ilisababishwa na virusi, jambo lililothibitishwa karne ya 20. Kwa hiyo pingili safi zitoke kwenye vituo vya utafiti wa kilimo, na walimu wa sayansi wa wilaya hizo wawasiliane na vituo hivyo kabla ya mvua za vuli, ili pingili ziwe mkononi udongo utakapolowana.

Mwalimu wa zamani wa Baiolojia,
Minneapolis, Marekani